Mkono wa Saba

Kaka mpendwa,

Hapa tupo. Paka wa mama amezaa tena, safari hii ndani ya sanduku la mafaili yangu, na feni ya ofisini bado inapiga kelele kumshinda mwenyekiti.

Vile vikundi saba vya mazingira hatimaye vimekubaliana: msitu wa juu hautaguswa, bwawa la umeme litajengwa chini, bondeni kwetu. Unajua utaratibu wetu, mmoja akikataa hakuna tamko. Sita walinyoosha mikono, kisha wakanigeukia mimi, mwakilishi wa bonde. Nikaufikiria msitu. Nikaifikiria zahanati yetu, wanakozalisha kwa mwanga wa simu. Nikanyoosha. Wakanipigia makofi, kaka! Mkuu wa kikundi cha msitu akaniambia, “Dada, umetuokoa.” Nikaenda chooni, nikalia mpaka kwikwi ikanishika.

Nyumba si kitu, matofali tutafyatua mengine. Lakini ulipokosa mazishi ya mama uliniambia, “Usijali, nitakuja tu, kaburi haliendi popote.”

Mwakani wanajaza maji. Njoo kabla.

Mdogo wako,
kitinda mimba