Pasta Yangu na Firigisi ya Mzee Shitanda

Navakholo,
Kakamega.
Jumamosi, 14 Juni 2025.

Mpendwa mpwa wangu Sylvia,

Anayekusalimu ni mtu ambaye hapa Navakholo hata mvua humwangalia kwanza kama ameshaanua mahindi yake, ndipo inyeshe. Usicheke. Juzi chifu aliahirisha baraza kwa sababu mimi nilikuwa na mafua. Alisema, bila Wanjala kikao kitakuwa na uzito gani? Basi ujue ni mkubwa gani amekaa chini kukuandikia, tena kwa mkono wake mwenyewe.

U mzima huko Italia? Na yule bibi unayemtunza, miguu imeshuka uvimbe? Mwambie khotsa wako, ndugu ya mama yako, anamwombea kila Jumapili. Sisi miili haina neno. Ng'ombe mweusi amezaa ndama jike, na mama yako kile kifua kimemwachilia. Moyo wangu ndio mgonjwa. Umejaa hasira mpaka chai inakataa kushuka.

Nakuandikia ili upate ukweli kutoka kwangu, si kutoka kwa Zilpah. Mke wangu ameniaibisha mbele ya wakwe, Sylvia. Aibu ya kufunga mtu mdomo, na mdomo wangu unaujua.

Unajua binti yangu Awinja amechumbiwa na Titus, mwana wa Mzee Shitanda wa Likuyani. Wale ni watu wa mahindi, magunia yamejaa mpaka chumba cha kulala wageni. Siku ya kwanza tulipokutana, mzee alisifu trekta lake kutoka chai mpaka chakula cha mchana. Mimi nami siwezi kukaa nikisomewa trekta. Nikamwambia, "Mzee, ukija kwangu utakula kile wanakula Roma." Nikamweleza vile nilimfundisha kazi mpishi wa Waitaliano waliojenga barabara huku, na siku walipoondoka vile walinililia mimi, si barabara.

Kwa hivyo Jumamosi iliyopita, wageni wakija, nikafuata yale mafundisho ya pasta uliyonitumia kwa simu. Soko nilienda mwenyewe. Nyanya nilichagua moja moja, nikizibonyeza, mpaka yule mama muuzaji akaniuliza, "Baba, unanunua ama unazipima presha?" Hana adabu. Nilimwachia kikapu nikaondoka kwa hasira, halafu nikarudi, maana zake ndizo zilikuwa zimeiva. Nikanunua vitunguu, saumu, hoho, dania yenye umande bado, na mayai ya kienyeji. Buchari nayo ilikuwa imebakisha mifupa tu. Nchi hii, mtu akitaka kupika kitu cha maana, ng'ombe wote wanageuka mifupa!

Unga wa ngano niliukanda na mayai, nikausukuma kwa chupa ya soda, nikakata nyuzi, nikazianika kwa kamba ya nguo. Uzi mmoja peke yake ulianzia mlango wa jikoni ukafika chooni. Majirani wakajaa kwa ua. Mmoja akapiga kelele, "Njooni muone, Wanjala ameolewa!" Sura yake nimeishika. Nitamshughulikia.

Ulisema nyama ya mchuzi ikatwe ndogo kama punje za mahindi. Zilpah alikuwa amechinja jogoo, maana alikataa kabisa wageni walishwe hizo kamba tupu. Nyama alikuwa ameiosha akaiacha kwa bakuli. Nikachukua humo vipande visivyo na mfupa, nikakatakata, nikapika na zile nyanya mpaka harufu ikafika barabarani. Boda boda mbili zilisimama bila kuitwa.

Wageni wakaketi. Mama Titus akainua uzi mmoja kwa kijiko, akauliza, "Hii tunakula, ama tunafungia ndama?" Lakini alikula sahani mbili huyo. Tatizo lilikuwa Mzee. Hakugusa pasta. Alivuta sahani ya kuku na obusuma, ugali wetu, akaanza kupekua. Shingo. Mgongo. Bawa. Akapekua tena.

Wewe hujakaa huko ukasahau. Kuku akichinjiwa mgeni, firigisi, ile imondo yetu, ni ya mkubwa wao. Asipoiona, umemwambia arudi kwao.

Mzee akaweka mkono chini. "Mwenyeji," akasema, "huyu jogoo wako mahindi alikuwa anaweka wapi?"

Hakuna aliyecheka. Nikamwita Zilpah. Imondo iko wapi?

"Niliosha nikaacha kwa bakuli, Baba Awinja. Jikoni leo umeshinda wewe."

Mbele ya wakwe, Sylvia! Damu ikapanda. Nikasimama nikasema wote wasikie kwamba mwanamke anayekula imondo ya wageni amekula heshima ya nyumba. Zilpah alifungua leso kiunoni, akaikunja, akaiweka juu ya kiti, akatoka. Mzee Shitanda akanawa mikono ambayo haijala, akaomba kofia yake.

Sasa Titus ametuma ujumbe. Leo saa nane mchana baba yake atarudi, mara moja tu. Anataka kuambiwa firigisi ilienda wapi. Asipoambiwa, hakuna harusi, kwa sababu yeye hawezi kuoza mwanawe kwa watu wanaoficha wageni chakula. Awinja amelia mpaka macho yamekuwa kama ya chura. Ananiambia, "Baba, si useme tu ni paka?" Nimekataa. Siwezi kumsingizia mnyama wakati mwizi anajulikana.

Zilpah wiki nzima ananiwekea ugali bila kusema karibu. Anauweka hivi, *pu!*, kama anawekea mbwa wa jirani. Asubuhi hii nimemwambia waziwazi: saa nane akiri mbele ya Mzee, ama afunge mzigo arudi kwa ndugu zake Musanda. Amenitazama kidogo. Akasema, "Sawa." Basi. Mwizi hana maneno mengi. Nikamsikia akienda kukamata jogoo mwingine wa hao wageni.

Ndiyo hivyo, mwanangu. Ukisikia khotsa wako amebaki bila mke, ujue ni haki, si hasira. Padre wetu anasafiri kuja huko wiki kesho, ndiye atakuletea barua hii. Mama yako anakusalimu, bibi yako, kukhu Edah, anauliza kama huko kuna mboga za mrenda, na Awinja anasema umkumbuke kwa maombi. Mungu akufunike na baridi ya huko isikuingie kwa mifupa.

Ni mimi khotsa wako, nikupendaye hata nikiwa nimekasirika,

Wanjala.

N.B. Sylvia, nilikuwa nimetia sahihi, nikatoka uani kutafuta ugali wa kugandishia bahasha. Zilpah amekaa kwa kigoda anasafisha yule jogoo. Akatoa tumboni kitu kama ngumi ya mtoto mchanga, akakipasua, changarawe ikamwagika. Akabandua ngozi ya njano. Kilichobaki ni nyama nyeusi-nyekundu, inateleza, haina mfupa. Akaisuuza, akaiweka pembeni peke yake, mbali na zingine, akaifunika kwa sahani. Hakuniangalia.

Nyama hiyo naijua. Nimeikatakata kwa mikono yangu Jumamosi iliyopita, ikaingia kwa nyanya.

Sasa ni saa saba. Wakifika itabidi niseme, Zilpah akiwa amesimama hapo hapo, kwamba mimi, niliyepakuliwa imondo katika nyumba hii tangu siku nilipooa, sikuwahi kuijua ikiwa mbichi.