Mawe ya Baba

Dumila, 9 Agosti 2004

Mdogo wangu Bura,

Leo nimetimiza miaka ishirini na moja nje ya Basotu. Kwenye bahasha yako umeandika Mkoa wa Manyara. Nilipoondoka tulikuwa Arusha, kwa hiyo hata anwani imenihama. Nimefurahi kusikia kwamba mahindi mmevuna na mguu wa shemeji umepona. Mimi kifua kinanisumbua, lakini bado najilisha kwa kazi ya mikono.

Barua yako nimekaa nayo wiki tatu. Unasema shamba kubwa la ngano limebinafsishwa, kipande chetu kimerudishwa kijijini, na wazee wanataka kulijengea kaburi la baba. Unaniambia, "Njoo utuonyeshe lilipokuwa, wewe uliyefanya kazi karakana ya shamba." Nilikuwa natafuta jibu la upole. Juzi jiko la kuchomea nyama limeniondolea upole.

Ni jiko la Mama Zaina, mwenye baa hapa jirani. Limenyeshewa miaka, na bolti zote zimeshikwa na kutu. Nilizisugua kwa brashi ya waya, nikazimwagia oili chafu iliyochanganywa na mafuta ya taa, nikaziacha siku mbili. Kisha nikawa nazigonga taratibu, nakaza kidogo, nalegeza kidogo.

"Mzee Paskali, unazibembeleza kama mwali!" akanicheka. "Piga nyundo, Jumamosi nina wateja."

"Nikipiga zitakatika, Mama. Nyama utachomea kiganjani?"

Tano zilitoka. Ya sita ilikatika kwenye spana, kwa mlio mkavu ninaoujua, nikaketi chini.

Sasa nisikilize. Miaka yote mmemlaumu dereva wa trekta kwa kulilima kaburi la baba. Siku ile plau iligonga mawe, bolti ikakatika, nikaitwa kutoka karakana. Nilikuta ni mawe ya baba, yale tuliyoyabeba mimi na wewe kutoka korongoni. Nikafunga bolti mpya. Trekta likasogea, ikakatika tena mbele yangu. Dereva akashuka.

"Wewe mwenyeji," akaniuliza, "haya si kaburi kweli? Niambie nizunguke."

Angezunguka, Bura. Alikuwa mtu mwema. Lakini mimi nilikuwa na mwezi wa pili kazini, na ninyi nyumbani mlikuwa mnalipinga shamba. Niliogopa kuonekana mtu wenu.

Nikamjibu, "Ni mawe tu."

Yakapakiwa kwenye tela, yakaenda kuziba mashimo ya barabara. Bolti ya tatu haikukatika. Baada ya mavuno niliacha kazi nikaondoka, na ninyi mkadhani nimefukuzwa kwa kumtetea baba. Sikuwasahihisha.

Kwa hiyo sina cha kuwaonyesha. Pale pamelimwa kila mwaka. Nikinyoosha kidole popote, nitakuwa nadanganya mara ya pili. Wasomee wazee barua hii yote, usiruke mstari. Na dereva yule, kama yu hai, aombwe radhi kabla hamjajenga chochote.

Mama mdogo aliyetulea mpe shikamoo yangu, kama ataipokea. Dada Martha mwambie blanketi alilonifungia safarini bado najifunika. Msalimie shemeji na watoto ambao hawanijui.

Kikaoni msiniwekee kiti. Sitarudi.

Kaka yako,
Paskali