Sekunde ya Ishirini na Mbili

Jumatatu, 5 Novemba 2012

Imepatikana! Jamani, imepatikana! Kalamu inaruka mistari. Ngoja nipumue kwanza.

Haya. Saa nne asubuhi nilikuwa nakata kabichi, simu ya duka letu la chakula cha chungu ikalia. Mtu wa redio ya mkoa, anaitwa Shiratori, ana adabu mpaka unachoka kumsikiliza. Kuna studio ya zamani Tokyo inabomolewa, anasema, na ghalani wamekuta utepe wa muziki wa lile tangazo la spika za Kazane. Mzima! Dakika saba!

Dakika saba! Na mimi miaka thelathini naishi na sekunde thelathini. Nilizinasa mwenyewe nikiwa na miaka kumi na minne, nimebandika redio kaseti kwenye televisheni, na ndani yake Mama anakohoa na Baba anasema, "Zimeni hilo lidude." Shamiseni moja inaanza, nyuzi tatu tu, inabisha hodi polepole. Halafu inakasirika. Halafu ngoma. Halafu sekunde ya ishirini na mbili — pwaa! — baba yangu, kilo mia na sitini na nane, mwanamieleka wa sumo aliyeitwa Fukauraiwa, Mwamba wa Fukaura, anarushwa nyuma pamoja na kiti chake mbele ya spika. "Kazane. Hata mwamba husogea." Nchi nzima ilisema maneno hayo. Hata mtawa aliyemzika babu aliyasema, tena mazishini!

Baada ya sekunde ya thelathini, kimya. Tangazo limekwisha. Sijui muziki ule ulikwenda wapi. Miaka yote hii sijui!

Wanataka Jumamosi ya tarehe 17, ukumbi wa jiji, matangazo ya moja kwa moja, spika zile zile, Baba kitini. "Asikilize tu," alisema Shiratori. Kisha, kwa sauti ndogo: "Na ikiwezekana, aanguke."

Nikamwambia Baba. Alikuwa anamkata kuku wa jioni. Hakuinua uso.

"Chumvi imekwisha," akasema.

Jumanne, 6 Novemba

Bado hajajibu. Mimi silali, sili. Nimeunguza wali, mimi Sanae ambaye sijaunguza wali tangu niachike!

Mama yeye anacheka tu. "Kuanguka redioni? Watamwona kwa masikio?" Nikamwambia ukumbini kutakuwa na watu mia sita. "Basi Baba Sanae avae suruali mpya. Ile ya mwaka themanini na mbili ilipasuka nyuma na nikaishona mimi."

Baba akatoka kwenda kununua chumvi. Chumvi ipo, nimeiona, pakiti mbili.

Jumatano, 7 Novemba

AMEKUBALI!

Kwa sharti moja: hakuna kamba. Nikauliza, kamba gani? Akaniangalia kama mtu aliyeropoka. Akaenda zake kuchota mchuzi.

Kamba gani?

Alhamisi, 8 Novemba

Nimembana Baba. Tulikuwa wawili tu jikoni, Mama yuko kwa mtengeneza nywele.

Siku ile ya kupiga picha za tangazo, spika haikutoa hata mlio wa mbu. Muziki uliwekwa baadaye. Walimfunga kamba kiunoni chini ya shati, wanaume sita nyuma ya ukuta wakahesabu moja mbili tatu, wakamvuta.

Nilikaa juu ya gunia la viazi. Miaka thelathini nimewaambia watu muziki ule ulimwangusha baba yangu. Niliamini! Nikiwa peke yangu nilikuwa nakaa mbele ya redio kaseti yangu, nashika kiti, nangoja nami nirushwe.

"Kwa hiyo hujawahi kuusikia?"

"Nimeusikia kwenye tivii, kama wewe. Sauti ndogo. Mama yako alikuwa na kikohozi."

Sikujua nicheke au nilie. Nikacheka. Naye akacheka kidogo, halafu akaniambia nisafishe uyoga.

Jumapili, 11 Novemba

Mashindano ya sumo ya Kyushu yameanza leo. Saa tisa televisheni ya dukani ilishawashwa, viti vyote vimejaa, madirisha yametoa jasho kwa mvuke wa vyungu. Mzee Muto, yule mkulima wa matofaa, kaingia na salamu yake ile ile ya miaka yote: "Mwamba! Anguka kidogo tuone!" Na Baba akatabasamu lile tabasamu la dukani. Nalichukia tabasamu lile! Linaanzia mdomoni na kuishia hapo hapo.

Habari za redio zimeshaenea mji mzima. Kila mtu ananiuliza kiingilio. Muto amekata tiketi nne, eti moja ya mbwa.

Baba haangalii nyuso za wanasumo, anaangalia mikono yao. Kijana mmoja alirudishwa nyuma na mwamuzi, wateja wakazomea. Baba akasema, bila kumwambia mtu, "Ngumi zote mbili lazima ziguse chini ndipo pambano lianze. Kagusa moja. Moja si kitu."

Basi Muto, sake, ile pombe ya mchele, imeshampanda, akasema lile neno. "Na wewe mwaka sabini na tisa, Mwamba, walikupa nini ukae chini upesi vile?"

Mama akaweka kifuniko cha chungu mezani, paa! "Muto, wewe mdomo wako ulivyo wazi ungefaa kukaushia samaki." Watu wakacheka, ikapita.

Lakini haikupita. Tukiosha vyombo Baba alizungumza. Sijawahi kumsikia akilizungumzia pambano lile. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nakumbuka tu watu walioacha kutusalimia. Alikuwa hajaangushwa siku kumi na nne mfululizo za mashindano, siku ya kumi na tano kijana mwembamba akamkalisha chini kabla hujapiga chafya. Wakasema kauza pambano. Gazeti moja likaandika. Hakuna aliyemshtaki, na hakuna aliyemwamini. Akaacha sumo mwaka uliofuata.

"Yule kijana alikuwa na nguvu kunishinda," Baba akasema. "Siku ile alinishinda. Basi, hakuna lingine." Akasuuza bakuli lile lile mara ya pili. "Nilipoangushwa kweli, wakasema uongo. Nilipoangushwa kwa uongo, nchi nzima ikapiga makofi. Nami nikafungua duka kwa makofi hayo, nikakulea kwayo."

Nilimwambia asiende. Nitampigia Shiratori, nitasema anaumwa goti.

"Nakwenda. Nataka kujua."

"Kujua nini, Baba?"

"Kama muziki ule ungenisogeza."

Jumanne, 13 Novemba

Shiratori kaja mwenyewe. Kijana mzuri, shingo nyembamba, kainama mpaka nywele zikaingia kwenye sosi ya soya. Anasema tiketi zimekwisha. Zote! Watu wanatoka Hachinohe, wanatoka Akita. Watu wazima wanalia kwenye simu wakikumbuka redio zao za kwanza. Nilipiga kelele mwenyewe jikoni.

Ila anaogopa. Mzee asipoanguka je? Watu wamelipa, watasema wamedanganywa. Watasema hata tangazo lilikuwa danganyifu. Nikamwambia, bwana, lilikuwa danganyifu. Akameza mate. "Ndiyo," akasema, "lakini walilipenda."

Nikamwapisha: hakuna kamba. Akaapa.

Na mimi je? Nikijiuliza kweli kweli, nataka nini? Nataka aanguke, muziki wangu uwe ule nilioujua. Na nataka asitikisike hata ukope, wafunge midomo yao wote. Siwezi kupata vyote viwili. Afadhali nikachambue kitunguu.

Ijumaa, 16 Novemba

Nimefanya ujinga! Ujinga wa kupigwa makofi!

Mchana kimeletwa kisanduku cha mbao, zawadi ya redio: nyama ya ng'ombe, imekatwa vipande vyembamba kama karatasi, nyeupe na nyekundu, ya watu wenye pesa zao. Mimi na furaha yangu, kichwa chote kiko kesho, nikaitupa kwenye chungu cha Baba. Nikatia tofu, ile nyeupe ya soya, nikatia vitunguu, nikampelekea mbio huku naimba.

Akafunua kifuniko. Akatazama. Akakifunika tena.

Mama ndiye aliyepiga ukelele. "Sanae! Miguu minne! Umempikia miguu minne!"

Jamani, mimi mtoto wa mwanasumo! Kabla ya pambano ni kuku tu, kuku husimama kwa miguu miwili. Katika sumo anayeshika chini kwa mkono pambano likiendelea ameshindwa; ng'ombe ameshashindwa tangu kuzaliwa. Hilo nalijua kabla sijajua kuhesabu. Nikaanza kuomba radhi, nalia, nacheka, sijui nini. Baba akavaa koti bila neno, akatoka kwenye theluji ile ya kwanza, akarudi na kuku. Akapika mwenyewe. Akala mabakuli matatu.

Ng'ombe tumemla mimi na Mama. Alikuwa mtamu, Mungu anisamehe.

Sasa ndiyo nimetulia na kufikiri. Baba hajala chungu cha kuku namna ile, kwa miiko yake yote, tangu mwaka wa themanini. Tumempikia nyama ya ng'ombe mara ngapi, nguruwe mara ngapi, hajawahi kufunika chungu. Mtu anayekwenda kukaa kitini akasikiliza muziki hamkatai ng'ombe.

Anakwenda kupigana!

Jumamosi, 17 Novemba

Saa saba na nusu mchana, ukumbini. Naandikia magotini, pembeni mwa jukwaa, nyuma ya pazia la kushoto. Ukumbi umejaa mpaka ngazi. Muto yuko mstari wa pili, kweli kaja na mbwa, mbwa wamemzuia mlangoni, Muto bado anabishana na mhudumu.

Spika zile! Ndefu kunipita, mbao nyeusi, kitambaa kimechanika pembeni. Nimezigusa. Nimezinusa! Zinanuka vumbi na kabati la bibi.

Baba amekaa chumba cha nyuma na Mama. Suruali mpya.

*

Saa nane kasoro kumi. Mwizi yule! Mwizi mwenye adabu!

Nilikwenda kukitazama kiti. Kwenye mguu wa nyuma kuna ndoano, kwenye ndoano kuna waya mwembamba, na waya unapita chini ya pazia mpaka kwa fundi mmoja aliyekaa na mashine ya kuvutia. Nikamfuata Shiratori. Mweupe kama tofu. Ni tahadhari tu, dada, eti. Sekunde ya ishirini na mbili, kama Mzee mwenyewe hajasogea. Kwa heshima yake. Watu wasimcheke.

Nilitaka kumrukia. Badala yake nikainama, nikasema asante. Hata yeye alishangaa.

Kisha nikapita jukwaani kama mtu anayefuta vumbi kwenye kiti. Ndoano nimeichomoa. Nimeuacha waya na ndoano yake sakafuni pale pale, fundi hajaona.

Sasa nina hofu. Nimefanya nini? Asiposogea, watu mia sita watacheka, na redio nzima, na kesho dukani nani ataingia? Na akisogea, je?

Sirudishi. Waya hauguswi tena.

*

Saa nane kamili. Baba ameingia. Makofi, mayowe, watu wamesimama. "Mwamba! Mwamba!" Muto anapiga mluzi. Mama kasimama karibu yangu, kanishika mkono wa kushoto. Baba ameketi. Mikono juu ya magoti.

Kimya.

Shamiseni!

Mungu wangu, hivi ndivyo ilivyo? Ile yangu ilikuwa kivuli tu! Inaingia tumboni. Sauti ya ule mfupa wa kupigia nyuzi unapogonga ngozi ya ala naisikia kwenye meno. Mama anakohoa! Pale pale anapokohoa kwenye kaseti yangu! Tumetazamana, tumekufa kwa kicheko bila sauti.

Ngoma zimeingia. Sakafu inatetemeka. Naandika kombo. Nahesabu. Kumi na nane. Tisa. Ishirini. Ukumbi mzima umeegemea mbele. Moja.

Mbili.

Hakuna. Baba hajatikisika. Waya umetoka mbio peke yake, unachapa sakafu mbele ya watu wote, ndoano inalia kwenye mbao, umeingia chini ya pazia. Mtu mmoja kacheka. Wawili. Sasa wameelewa, wameona waya, wanamwona Baba. Kicheko kimekatika. Muto amevua kofia.

Ishirini na nane. Tisa. Thelathini.

Unaendelea! Muziki unaendelea! Ngoma zimeacha, shamiseni imebaki peke yake, juu, haraka, haijawahi kwenda haraka hivi, sikujua, miaka yote sikujua kama inapanda! Inamjia. Hakuna neno lingine, inamjia yeye, na koti lake linatikisika kifuani.

Baba amesimama. Kiti amekisukuma nyuma kwa mguu, mwenyewe. Shiratori anapunga mikono, hakuna anayemtazama. Mama ameniminya mkono mpaka unauma, anasema, "Baba Sanae, goti lako," kwa sauti ya kunong'ona, na tena, "goti lako."

Anachuchumaa. Mbele ya spika, kwa miaka yake sitini na tisa, magoti nje, mgongo umenyooka. Analia, machozi yanaonekana mpaka huku, wala hayafuti. Ngoma zinarudi, zinakuja kwa mbali, zote.

Ngumi ya kulia iko chini.

Ya kushoto inashuka, shubiri moja, vidole vinne, viwili, imegusa.