Karte ya Idi

Jumatatu, 4 Machi
Mashuka sita nimeyapinda, uzi ukaisha. Wiki ya tatu sasa mpaka wetu na Bukavu umefungwa. Wakubwa wanagombania kilima ambacho hata mbuzi hawakitaki.

Jumatano, 6 Machi
Nimeikumbuka foleni ya mpakani Rusizi mpaka nikacheka peke yangu. Akina mama wa Kamembe tulikuwa tunampa mmoja wetu karte zote za utambulisho, yeye anazipeleka dirishani kwa maofisa. Sisi tunakaa, tunakula mandazi, tunamtania Maman Furaha wa Bukavu na beseni lake la sambaza, vile visamaki vya ziwani. Alhamisi zamu ilikuwa yangu. Sikupoteza karte hata moja. Nilikuwa na raha na sikujua.

Jumamosi, 9 Machi
Mdogo wangu Idi ni mwashi, huwa anajenga Bukavu, na hana kazi tangu mpaka ufungwe. Leo amekuja mbio. Kuna mzee mpole anaandikisha wanaume wa kupasua mbao ng'ambo. Anasema ana kibali cha kuwavusha kwa pamoja, anakusanya karte zao.
"Yaya, dada yangu, nimupe?"
"Mupe tu. Si njo vile tulikuwa tunafanya siku zote?"
Sikuinua hata kichwa kwenye cherehani.

Jumatatu, 11 Machi
Idi amepanda lori asubuhi, pale sokoni. Amenyoa ndevu. Alipunga mkono kama anayekwenda harusini.

Alhamisi, 14 Machi
Mume wa jirani, aliyekwenda na Idi, aliruka kutoka kwenye lori lile lile walipokuwa wanahamishwa. Amerudi kwa miguu kupitia porini, miguu imevimba. Hakuna mbao. Kuna kambi na bunduki. Waliodai karte zao walipigwa. Bila karte huwezi kupita kizuizi chochote, kwa hiyo unavaa nguo unazopewa.
Ni mimi niliyesema mupe.

Ijumaa, 15 Machi
Nimekwenda ofisi ya serikali kuripoti habari za Idi. Karani amenisikiliza, kisha akafunga daftari.
"Maman, rudia nyumbani. Na hii maneno usiiseme sokoni."
Nimetoka pale moja kwa moja mpaka sokoni. Nimeisema kwa wauza mchele, kwa mafundi, msikitini upande wa wanawake. Msitoe karte. Hata kwa mzee mpole. Hata kama ni mazoea yetu.

Jumatatu, 18 Machi
Mzee yule amerudi na lori. Hakuna aliyepanda. Jioni mkuu wa mtaa amekuja kuuliza nani anaeneza uvumi. Nimemwambia ni mimi. Ameandika jina langu, akaondoka. Naogopa sana.

Jumanne, 16 Aprili
Mpaka umefunguliwa jana. Nimevuka leo. Maman Furaha amenishika mkono kabla sijamsalimia. Amemwona Idi juu ya gari la wapiganaji, karibu na soko lao. Alimwita kwa jina. Idi akageuka, akamwangalia, hakuitika. Amekonda, viatu vimemzidi, lakini amesimama mwenyewe.
Nimemwomba anisimulie tena. Akasogeza beseni, nikakaa, akaanza upya.