Nilimficha Mgonjwa Habari ya Macho, na Sasa Chama Kinataka Niape

Mpendwa Bwana Mshauri, pokea salamu kutoka Rumonge, huku kando ya ziwa, na baada ya salamu nakuomba uniokoe upesi, maana nina jambo limeniondolea hamu ya chakula, mke wangu Sharifa anadhani nina homa na kila asubuhi ananipikia uji wa mtama, nami naunywa na kunyamaza kwa sababu homa sina.

Mimi ni mkalimani katika kambi ya wagonjwa wa malale. Bwana Daktari anajua Kiswahili cha pwani, wagonjwa wengi wanajua Kirundi peke yake, mimi nasimama katikati. Mwaka jana, baada ya Idi, sisi wakalimani wa huku, watu kumi na mmoja, wa kambi na wa baraza la mashauri na wa sokoni, tulianzisha Chama cha Wakalimani, kwa sababu watu walikuwa wametuchoka, kila aliyeshindwa shauri alisema ameuzwa na mkalimani. Tunakutana kila Ijumaa baada ya sala, nyumbani kwa Mzee Abasi ambaye ni mkuu wetu, na mimi ni katibu, tena sharti la kwanza niliandika mimi, kwamba mkalimani asiongeze neno wala asipunguze.

Kwa mwaka huu mmoja tumefanya mengi, tumewatahini wanne waliotaka kuingia tukawakubali wawili, tumebishana Ijumaa tatu kama matusi nayo yafikishwe mazima, tukakata shauri kwamba yafikishwe, na wiki iliyofuata ndugu yetu Hassani akala kofi la jumbe mmoja kwa tusi ambalo si lake, tukaenda wote kumpa pole huku tukijizuia kucheka. Na tulimfukuza Bakari, kwa sababu katika shauri la michikichi ya Kigwena aliiruka kauli moja ya shahidi. Barua ya kumfukuza niliiandika mimi kwa mwandiko wangu mzuri, na nilipokuwa nikiiandika nilifurahi, hilo naliungama. Sasa Bakari anavua ndagala huko Kabonga na hasalimiani nasi.

Bwana Mshauri, miezi minne iliyopita aliletwa kambini mama mmoja wa Bugarama, jina lake Nibigira, mjane, kazi yake kufuma vikapu, akaonekana ana malale ambayo haijamwingia sana. Daktari alisema, nakumbuka kila neno, "Mwambie dawa hii imewaharibu macho watu wachache. Kwanza ataona ukungu. Akiuona anijulishe siku hiyo hiyo, tuache sindano." Nami nikamgeukia mama nikamwambia dawa ni nzuri na sindano inauma kidogo tu, basi, sikusema zaidi.

Sikufanya hivyo kwa ubaya. Juma lililotangulia mwenzangu Aruna aliwaambia wanaume watatu maneno hayo hayo mazima bila kupunguza, na kabla jua halijazama walikuwa wamepanda mtumbwi kuvuka kwenda Kongo, na tumesikia wawili wamekwisha kufa. Tena marehemu dada yangu Asiya alikufa kwa malale kabla kambi haijawekwa, nilimwona akisinzia na tonge mdomoni, nikamtoa tonge lile kwa kidole changu, na nilipomtazama Nibigira nilimwona Asiya, nikasema huyu hakimbii, huyu atapona.

Sasa siku nane zilizopita mama alinikuta nje akisubiri zamu yake, akaniambia kwa kucheka, "Mwana wanje," ndiyo kusema mwanangu, "moshi wa jikoni siku hizi unanifuata mpaka huku nje," na kwamba ukindu mwembamba anaufuma kwa kupapasa. Tukaingia ndani, Daktari akauliza kama mama anaona vizuri, na mimi, Mungu anisamehe, nikamwuliza mama kama amelala vizuri, akasema ndiyo, nikamwambia Daktari ndiyo. Akachomwa sindano. Anachomwa kila siku kumi.

Nilimwambia Aruna peke yake. Alinitazama mpaka nikainamisha kichwa, akasema, "Ndugu yangu, kazi yetu iko kusema, haiko kuchagua. Macho iko ya ule mama." Tangu siku hiyo ananisubiri niseme, hanisukumi, na hilo ndilo linalonitesa zaidi.

Mwezi ujao chama kinatimiza mwaka. Kila mmoja ataweka mkono juu ya Msahafu aape kwamba mwaka mzima hakuongeza wala kupunguza, na kwa kuwa Mzee Abasi amechoka, wanataka mimi niwe mkuu. Nikikiri, watu watasema wakalimani wote ni waongo, wagonjwa watakimbia, chama kitakufa, na mimi sijui Daktari atanifanya nini. Nikiapa, nimeapa uongo. Na labda ni moshi kweli, Bwana Mshauri, labda utaondoka wenyewe. Nakuuliza, je, naweza kuapa moyoni nikinuia kwamba kuanzia hapo nitakuwa mnyofu? Au niugue siku hiyo? Au niage kwamba nina safari ya Ujiji? Jina langu tafadhali usilitoe, kwa maana gazeti lako husomwa kwa sauti chamani, na msomaji ni mimi.

Mkalimani mwenye hofu, Rumonge

JIBU

Bwana Mkalimani, barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa huruma na mara ya pili kwa hasira. Nitaanza na hasira kwa kuwa ndiyo yenye haraka. Maswali uliyoniuliza ni matatu, uape, uugue au usafiri, na yote matatu ni ya kukuokoa wewe. Juu ya mama anayefuma kwa kupapasa hukuniuliza hata moja.

Barua yako imetembea siku thelathini na nane kunifikia. Hesabu mwenyewe ni sindano ngapi hizo. Aruna alikuwa karibu yako, Daktari karibu yako, Mzee Abasi unamwona kila Ijumaa, nawe ukamchagua mshauri wa mbali kuliko wote. Mtu anayetaka jibu la upesi haulizi pwani. Naona ulitaka jambo liamuliwe na njia, ili wewe usiwe umeamua, lakini kila siku ya safari ile ulikuwa unaamua.

Kwa hiyo sikungoja gazeti. Siku niliyoifungua barua nilipeleka simu kwa waya hadi mwisho wa nyaya, kutoka hapo ichukuliwe na tarishi, iletwe kwako kwa jina lako. Ina maneno manne: "Mwambie mama leo hii." Kama imekufikia na umetii, haya mengine ni mazungumzo tu. Kama imekufikia ukaitia mfukoni, basi endelea kusoma, tena kwa sauti, maana wenzako wamekaa wanakusikiliza. Majina nimeyabadili, lakini sauti yako wanaijua, na ikitetemeka wataisikia.

Pole kwa dada yako. Nasema kweli, tonge lile limenikaa kooni hata mimi. Sikuiti mtu mbaya, mtu mbaya hakosi hamu ya chakula, angekula akashiba. Lakini Nibigira si Asiya. Ni mtu mzima mwenye kazi yake na mikono inayomlisha. Pengine angesema, nichomeni, heri upofu kuliko kaburi. Pengine angekataa. Lilikuwa neno lake, wewe ukalisema kabla hajalifikiria. Wale wawili waliofia ng'ambo waliambiwa, wakachagua, na Aruna hana damu yao. Wewe pia usingekuwa na damu ya mtu.

Kuhusu moshi, usinichezee. Ulikwisha kujua si moshi, ndiyo maana mbele ya Daktari ulimwuliza mama habari ya usingizi.

Basi fanya hivi. Kwanza nenda kwa mama, kabla ya Daktari na kabla ya chama. Kisha siku hiyo hiyo mpelekeni kwa Daktari, na Aruna ndiye awe mkalimani, wewe usimame pembeni na useme ulilofanya, na la siku ile Daktari alipouliza kama mama anaona usiliache. Atakufukuza kazi pengine, pengine atakufunga, siwezi kukuahidi vinginevyo. Kisha Mzee Abasi. Mkono juu ya Msahafu usiweke, na ikiwa siku imekwisha kupita nawe umeapa, likiri na hilo, na ukuu usiuguse. Chama hakifi kwa mmoja kukiri. Kitakufa siku watu watakapojua kuna mama amepofuka na mkuu wa wakalimani alikuwa anajua. Wakikufukuza, wamekutendea ulivyomtendea Bakari, na wakikusamehe, papo hapo uwaombe Bakari naye arudishwe, kwa mwandiko wako huo huo mzuri. Na mkeo mwambie, aache kukutibu homa.

Ukifika kwa mama usianze na dada yako, wala na nia yako njema, wala usilie. Anza na macho. Mwambie alivyosema Daktari, mwanzo mpaka mwisho, halafu unyamaze, na akinyamaza naye usiujaze ukimya wake kwa maneno yako. Akikuuliza kwa nini, hapo ndipo umtaje Asiya. Asipokuuliza, hana haja ya kujua. Inuka umwongoze kwa Daktari ukimshika mkono, ikiwa bado ataukubali.