Ukanda Mwekundu wa Mbwa wa Bodo

Diani,
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje, na ile dawa ya kuchua niliyokutumia unaitumia au umeifungia kabatini ikusubiri uugue zaidi? Mvua imefika huko Mutomo, au bado mnatazama mawingu yakipita kwenda kwa wengine? Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu. Moyo ndio haujatulia. Umenipigia simu mara tatu ukiniuliza mbona sauti yangu imekauka, na mara zote tatu nimekudanganya kwamba ni mafua. Si mafua. Naandika kwa sababu kwenye simu ningelia kabla sijafika katikati, nawe ungeanza kuomba kabla hujajua unaombea nini. Basi vaa miwani usome mwenyewe, usimpe mtu akusomee.

Kazi yangu unaijua. Ulicheka sana nilipoipata, ukaniuliza kama ulinisomesha ili nikalishe paka wa watu. Lakini kulisha ndiyo sehemu rahisi. Wageni wakijaa kwenye hoteli za Galu, paka hunenepa kwa samaki wa mezani. Wageni wakiondoka, paka hao hao hubaki mbavu nje, na sisi ndio tunaowakusanya, tunawatibu na kuwahasi, tunawakata ncha ya sikio ili wajulikane, kisha tunawarudisha walikotoka. Mbwa aliyegongwa barabarani huletwa kwetu. Punda mwenye kidonda mgongoni, watoto wa mbwa waliotupwa ndani ya gunia, kasuku wa mtu aliyehama, wote kwetu. Na mara kwa mara tunapakia dawa kwenye gari na kwenda vijijini kuchanja mbwa dhidi ya kichaa. Mbwa akishadungwa sindano hufungwa ukanda mwekundu shingoni. Ukanda ndio cheti chake. Mtu akiumwa na mbwa huku, cha kwanza watu kutazama ni shingo ya mbwa.

Kufunga ukanda ilikuwa kazi yangu. Sindano ni ya Daktari Saumu, mkubwa wetu, mwanamke wa maneno machache ambaye hata mbwa wakorofi humtii. Utaratibu wake ni sindano kwanza, ukanda baadaye. Lakini mbwa akishachomwa huwa mkali, na aliye karibu na meno wakati huo nilikuwa mimi. Nikajitungia utaratibu wangu. Nilikuwa nawafunga ukanda mapema, wakiwa bado wapole kwenye foleni, ili wakitoka kwa Daktari waende zao. Sikumwambia mtu. Niliona nimegundua jambo kubwa ambalo wenye vyeti hawakuligundua. Unanijua mwanao.

Siku tuliyokwenda Bodo alikuja mkulima mmoja, jina lake Kassim, na mbwa wake Chui. Chui halali nyumbani, kazi yake ni kulinda mahindi yasiliwe na ngedere, na Kassim alikuwa amemfunga kwa kipande cha kamba ya nazi. Nikamvalisha ukanda. Mara mbwa aliyekuwa mbele yao akapiga ukelele wa sindano, Chui akashtuka, akachomoa kichwa kwenye kamba na kutimua mbio minazini, ukanda wangu uking'aa shingoni. Kassim akamfuata huku akicheka. Aliona ukanda, akajua kazi imekwisha. Nilifungua mdomo nimwite. Foleni ilikuwa ndefu, jua linachoma, nikajiambia atarudi mwenyewe. Hakurudi. Tulipokuwa tunafunga vifaa Daktari akaniuliza, "Wote tayari?" Nikasema, "Wote."

Mama, neno hilo moja limenila kuliko njaa yoyote niliyowahi kuiona.

Wiki tatu zikapita. Siku ya Jumanne Kassim akapiga simu kituoni. Mama yake, Bi Mishi, alikuwa ameumwa mkononi na Chui jana yake, alipokuwa uani akisafisha pweza. Hakuomba msaada, alipiga ili kutupa habari tu.

"Ana ukanda?" Daktari akauliza, simu ikiwa kwenye spika.

"Anao, daktari. Ule ule wenu."

"Alhamdulillahi. Hata hivyo mpeleke akaonwe."

"Inshallah, tutampeleka."

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na ndoo ya uji wa mbwa. Inshallah ile niliielewa. Ilikuwa ya mtu asiye na haraka. Na ugonjwa huu, Mama, ukishaonekana kwa mtu hauna dawa. Sindano lazima zitangulie. Nilijua hayo yote, tumefundishwa, hata sisi wafanyakazi tumechanjwa. Nikaenda kugawa uji.

Nilinyamaza Jumanne. Nilinyamaza Jumatano. Nilijiambia mbwa huuma kwa sababu nyingi, labda alitaka pweza tu. Nilijiambia Kassim atampeleka mama yake. Nilifikiria kibarua changu, karo ya mdogo wangu Mwende, aibu. Nilimfikiria kila mtu isipokuwa huyo mwanamke na mkono wake. Alhamisi asubuhi nilimkuta Daktari akimfunga bandeji paka, nikamwambia yote kwa pumzi moja.

Hakunigombeza. Heri angenigomba. Alimaliza kufunga bandeji, akamrudisha paka kwenye kizimba, akachukua ufunguo wa gari.

"Panda," akasema. "Utakwenda kuyasema haya mwenyewe."

Tukafika Bodo. Tulimkuta Bi Mishi uani, mkono umefungwa kitambaa cha leso, akikunja nguo za safari. Jumamosi kulikuwa na arusi ya mpwa wake huko Wasini. Nikamwamkia, akaniitikia marahaba kwa uso mkunjufu, akataka tuletewe chai. Nikasema kabla chai haijaja. Nilisema nimesimama, mikono nyuma, kama mtoto wa shule. Nikamwambia kwamba ukanda wa Chui ni wa uongo, kwamba hakudungwa, na aliyeufunga ni mimi.

Kassim akaruka kutoka kwenye mkeka. "Wasema nini wewe? Ukanda mmeufunga nyinyi wenyewe! Mimi nawaamini nyinyi, nakaa na mbwa karibu na mamangu, leo waniambia uongo?"

"Kassim, tulia," Bi Mishi akasema. Kisha akamgeukia Daktari. "Mwanangu, mimi najua mate ya mbwa ni najisi. Nimeosha mara saba, na moja kwa mchanga, kama tulivyofundishwa. Nimetwaharika. Nami siendi kukaa hospitalini mwana wa dadangu aolewa."

"Umefanya vyema, mama," Daktari akamjibu. "Maji mengi yamekusaidia. Ila ugonjwa huu ukishaingia kwenye nyama, maji hayaufikii. Twende sasa hivi."

"Nitakwenda Jumatatu, nikirudi arusini."

"Jumatatu ni mbali, mama."

"Basi ni mbali."

Akaendelea kukunja nguo. Nilipiga magoti, Mama, mbele ya watu, sikujali. Hakunitazama. Daktari akaona maneno hayasaidii, akamwomba Kassim atuonyeshe mbwa. Tulikwenda shambani sisi watatu. Chui alikuwa chini ya mkorosho, taya limelegea, udenda unamtoka, akiguguna nguzo ya kibanda mpaka ufizi unatoka damu. Kassim akamwita. Akamwita tena, kwa sauti ile mtu humwitia mbwa wake. Mbwa akainua kichwa na kumtazama, na hakumjua. Daktari akatushika mikono na kuturudisha nyuma.

Kassim alirudi nyumbani karibu akikimbia. Alisimama mbele ya mama yake akasema, "Mama, vaa viatu." Mara hii Bi Mishi hakubisha. Nadhani aliona uso wa mwanawe.

Walidungwa hospitalini wote wawili, mama na mwana, siku hiyo, Bi Mishi mpaka kuzunguka kidonda chenyewe, na hakulia. Chui tulimkamata kwa fimbo ya kitanzi, na kwa jinsi alivyokuwa Daktari hakumwacha ateseke. Sampuli ikapelekwa maabara. Jibu lilipokuja lilikuwa lile tulilolijua tangu kwenye mkorosho.

Bodo tumerudi, nyumba kwa nyumba, tukachanja upya kila mbwa mwenye ukanda, maana nani angeamini ukanda wangu? Watu walinitazama kwa jicho la pembeni na nilistahili. Daktari hakunifukuza. Nasafisha vizimba, nakoroga uji, ukanda siugusi. Siku hizi mikanda hukaa mfukoni mwake mwenyewe, na hautoki hata mmoja mpaka sindano iwe imechomolewa. Wenzangu wananiambia Mungu ni mwema, nimeponea chupuchupu. Mimi naona aliyekuwa hatarini hakuwa mimi.

Wiki iliyopita, baada ya Bi Mishi kudungwa sindano ya nne, nilikwenda kumwona peke yangu. Nilichukua sukari na majani ya chai. Sikutaka kwenda mikono mitupu. Nikamwomba radhi upya. Akaniacha nimalize, kisha akaniuliza, "Mwanangu alipiga simu lini?"

"Jumanne."

"Nawe ulikuja kwangu lini?"

"Alhamisi."

Akakoroga chai. Halafu akasema, "Mbwa kukuponyoka, hilo nimekusamehe. Mbwa ni mbwa, na wewe ni mwanadamu. Ila siku mbili ulizokuwa wajua, nami sijui, nikila, nikicheka, nikikunja nguo za arusi, hizo sijakusamehe. Nakwambia ili usije ukadhani. Sasa kunywa chai."

Nilikunywa, Mama. Ilikuwa na iliki na tangawizi, na niliimaliza.

Ndiyo habari yenyewe. Ukitaka kunigombeza, nigombeze, nimeandika nikijua. Nisalimie mdogo wangu Mwende, umwambie asome na asitafute njia za mkato kama dada yake. Nisalimie mjomba Kyalo wa kinu cha unga, na bibi Ndinda jirani, na mchungaji, ambaye huna haja ya kumwonyesha barua hii. Nikipewa likizo nitakuja nikukande hilo goti mwenyewe.

Sindano ya mwisho ya Bi Mishi ni Alhamisi. Amekubali nimsindikize. Alhamisi hiyo, Mama, usiniombee mimi. Mwombee yeye, umtaje kwa jina.

Ni mimi mwanao,
Mueni