Mkono wa Kulia wa Gauni la Malkia

3 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Macho yanaendeleaje? Mimi mzima, ila kazi imetubana kama kiatu kipya. Makumbusho wanataka gauni la malkia wa zamani lishonwe upya, lifanane mpaka kwenye upindo. La asili limeoza, ukiligusa linachanika, lakini darizi yake ya dhahabu bado inang'aa. Bosi kaamua tufumue uzi ule ule tuudarizi kwenye gauni jipya, na kazi hiyo kanipa mimi.

Nalowesha uzi kwa mdomo kama ulivyonifundisha, unanyooka wenyewe. Wenzangu wanatumia nta, wananicheka. Nimewaambia chema chajiuza. Kwenye bitana kumejaa unga mweupe, nadhani wa kuzuia nondo. Hauna ladha yoyote.

Mwanao,
Sindano

29 Machi

Mama,

Shikamoo. Kimya chako kinanitisha, au jirani anayekusomea kasafiri tena?

Mimi tumbo halitulii, na viganja vinabambuka. Bosi anasema ni uchovu. Mkono wa kushoto wa gauni umekwisha, umebaki wa kulia. Vidole vimeanza kufa ganzi, sindano naishika kwa kuitazama. Ningeacha, lakini jina langu litaandikwa pale kwenye kioo cha makumbusho, mama. Lini tena fundi wa kwetu ataandikwa?

Mwanao,
Sindano

14 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Macho ni yale yale. Jirani karudi jana, kanisomea barua zako zote mbili kwa mpigo, na ndiye anayeniandikia hii. Acha kazi hiyo leo.

Mama yangu mkubwa alikuwa fundi wa magauni ya kasri. Yakihifadhiwa, yalinyunyiziwa sumu ya wadudu, unga mweupe usio na ladha. Hakuna aliyemwambia. Naye alilowesha uzi kwa mdomo. Tumbo lilianza, viganja vikafuata, kisha vidole. Watu wakasema karogwa. Ukweli tulikuja kuujua tumeshamzika.

Mdomo huo nilikufundisha mimi, kwa uzi mpya wa dukani. Sikuwaza kama utakuja kushika wa zamani. Nisamehe. Nenda hospitali, uwaambie umekula sumu, usione haya. Huo mkono wa kulia uache kama ulivyo. Malkia mwenyewe hauhitaji tena.

Mama yako

6 Mei

Sindano wangu,

Hujambo, mwanangu? Nauliza tu, kwa mazoea.

Barua yangu imerudi leo. Jirani kaigeuzageuza, anasema gundi haijaguswa. Nikamwambia asome gazeti, angalau nisikie habari nyingine. Akasoma kwamba gauni la malkia limeanza kuonyeshwa kwa watu, foleni imefika barabarani. Nikamuuliza mikono. Akaitazama picha muda mrefu. Anasema yote miwili imedariziwa mpaka kwenye vifundo vya mkono.

Jina lako halikuandikwa. Limeandikwa la bosi.

Kesho napanda basi la alfajiri, jirani atanishika mkono. Barua hii sitaitia posta, naibeba mwenyewe. Ukinifungulia mlango, nitaichana hapo hapo mlangoni, nawe utanicheka.

Mama yako